Ng'ombe wa Shija na Mpango wa Kapteni

Rotterdam, 4 Juni 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na goti lako limetulia. Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku haina habari kwamba ni Juni.

Kuna swali linalonisumbua tangu chuo kikuu, na kozi hii ya maofisa wa usafirishaji jeshini imelichokonoa upya: mzigo unapofika salama, ni mpango ulioufikisha, au ni watu walioupindisha mpango njiani? Wakufunzi wetu hawana shaka. Jeshi kubwa, wanasema, huweka meli, ndege na treni zake chini ya kamandi moja. Huhifadhi vifaa mapema karibu na vitakakohitajika. Likipungukiwa vyombo, hukodi vya raia. Kwanza huulizwa mzigo unatakiwa wapi na lini, kisha siku huhesabiwa kurudi nyuma hadi ghalani. Nimeyaandika yote kwa mwandiko mzuri, na bado nasita.

Binti yako,
Minza

Nkololo, 27 Juni 1995

Mwanangu Minza,

Mwangaluka. Huku mhola tu, hatujambo. Goti linauma likiitwa shambani, likiitwa kula linapona.

Swali lako limenizidi kimo, ila mzigo ninao. Mdogo wako Shija amepewa sharti na mzee Mayige wa Kimali: ng'ombe wa mahari waingie bomani kwake kabla Agosti haijaisha, la sivyo Violeth ataolewa na Amoni, wakala wa kampuni binafsi ya pamba. Tangu soko huria liingie, sisi makarani wa ushirika tunapima upepo, na Amoni ana lori. Mke wa Mayige akisikia honi, anafagia uwanja.

Ng'ombe wapo, lakini unajua nimewagawa kwa marafiki wanitunzie: wengine kwa Ngassa kule Somanda, wengine kwa Joakim, wengine hapa nyumbani. Shija anasema, "Dada anahamisha majeshi, atashindwa na ng'ombe?" Tuandikie mpango. Tutaufuata neno kwa neno, kitu ambacho wewe hukuwahi kufanya na maagizo yangu.

Baba yako

Rotterdam, 15 Julai 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi kusikia mhola, na pole kwa goti.

Bila kujua umeshafanya nusu ya kazi: ng'ombe waliogawanywa kwa marafiki ndiyo akiba iliyowekwa mapema. Msiwakusanye Nkololo. Kila kundi liondoke lilipo na kupita njia yake, kwa kuwa shehena yote haipakiwi chombo kimoja. Kiongozi awe mmoja, Shija. Safari isitangazwe, maana Amoni akijua njia atajua pa kuwawahi. Hata wachungaji waambiwe yale tu ya lazima. Wafike tarehe 26 Agosti.

Nakiri kwamba vitabu vyetu havina sura inayohusu shehena inayosimama kula.

Binti yako,
Minza

Rotterdam, 9 Agosti 1995

Baba,

Shikamoo. Salamu ni fupi leo, unisamehe. Mkufunzi ameuliza darasani, "Na mpokeaji ameshaarifiwa?" nikahisi jasho katika baridi hii.

Nilisahau desturi yetu wenyewe. Ng'ombe wa mahari huenda kundi moja, mchana, mshenga akiwa ametangulia na watu wakiimba, ili kila kijiji kijue wanakwenda kwa nani. Ng'ombe wachache, wanaume wachache, kimya, njia ya porini: kwetu watu wa namna hiyo wana jina moja tu. Simamisha kila kitu. Mtume mshenga kwanza.

Minza

Nkololo, 4 Septemba 1995

Mwanangu Kapteni,

Mwadila. Tuko hai wote. Barua yako ya kusimamisha ilifika jana. Mama yako ameomba isomwe mara ya pili.

Shija alikuwa na kundi la Somanda. Walipoingia tu Meatu, wilaya ya kina Mayige, sungusungu, wale walinzi wa jadi wanaosaka wezi wa mifugo, wakawazunguka.

"Ng'ombe wa nani hawa?"

"Siruhusiwi kusema."

"Nani kakukataza?"

"Kapteni."

"Yuko wapi huyo kapteni?"

"Ulaya."

Mwanangu, hata mimi ningemfunga kamba. Wakapiga mwano, yowe likaruka kijiji hadi kijiji, na makundi mengine mawili nayo yakakamatwa. Wote wakapelekwa kwa mkuu wa sungusungu wa Kimali, ambaye ndiye huyohuyo mzee Mayige.

Habari zikanifikia nyumbani. Chombo kilichokuwa kinakwenda Kimali siku hiyo kilikuwa kimoja, lori la Amoni. Nikalikodi, kama jeshi lako. Njiani akaniambia anakwenda kumalizia mambo ya kuoa. Nikamwambia Mungu amtangulie.

Nilimkuta Shija amekaa chini, peku, mbele ya mkutano. Mayige amesimama na upinde. "Kwa mara ya mwisho, kijana. Ng'ombe hawa ni wa nani?"

Shija akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ni wako, baba."

Watu walicheka mpaka ndama wakakimbia. Mayige alijikaza, akamkataa ng'ombe mmoja anayechechemea ili asionekane rahisi, kisha akasema hajawahi kuona mahari iliyosindikizwa na mishale ya vijiji vitatu. Hiyo ilikuwa tarehe 25. Uliwahi kwa siku moja. Harusi ilifanyika Jumamosi. Amoni alinirudisha na lori.

Baba yako

Rotterdam, 18 Novemba 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama pole ya kucheka, na wape maharusi heri zangu.

Safari hiyo nimeiandika kama insha yangu ya mwisho. Nimepata alama za juu, hasa kwa "ulinzi wa msafara". Sikuthubutu kufafanua.

Swali langu, hata hivyo, limezidi kuwa gumu. Mpango wangu ulishindwa, kwa kuwa usiri wake ndio uliowakamatisha. Lakini usingeshindwa, makundi yangefika moja moja bila mashahidi, na Mayige angeweza kuyakataa. Nilitaka kuhitimisha kwamba sungusungu waliurekebisha mpango, ila wao walikuwa kwenye kazi yao tu. Kisha Shija akaniandikia kwamba Violeth alimletea maji akiwa bado amefungwa, kabla hajajibu lolote, na hapo nikaanza kushuku kwamba huenda ng'ombe hawakuamua kitu.

Msomi angerudia jaribio akibadilisha jambo moja. Nimemuuliza Shija. Anasema haoi tena, na kwamba Mayige harudishi ng'ombe.

Binti yako,
Minza