Asta Zinakaribia Kufunguka na Mume Wangu Hasikii

Mpendwa Bi Solveig, naomba unisaidie kabla maua hayajafunguka yote, maana yakishafunguka nitakuwa nimechelewa.

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka sitini na kidogo, napika katika jiko la shule hapa mjini, na mume wangu, ambaye nitamwita Verlyn ingawa si jina lake, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mpaka magoti yakamkatalia tukauza mifugo, na tangu hapo mapenzi yake yote aliyahamishia kwenye maua ya asta, tena si zile za dukani bali za hapa hapa Iowa, zinazoota zenyewe kando ya reli na kwenye mitaro, alikwenda akakusanya mbegu na mfuko wa karatasi kama mtoto anayeokota njugu, na sasa upande wote wa kusini wa nyumba yetu ni asta, za zambarau zinazomfika mtu kifuani, za buluu, na zile nyeupe ndogondogo, na kila mwaka bustani za wenzetu zikishakauka zikabaki vijiti ndipo yake inapowaka, mpaka sakitu ya kwanza, ule umande ulioganda, ianguke, watu wanapunguza mwendo wa gari waangalie, na mimi nilikuwa najivuna Bi Solveig, sikatai.

Sasa Septemba ya mwaka jana nilirudi nyumbani kutoka kazini nikamkuta amepiga magoti katikati ya maua, nikadhani anang'oa magugu, nikamwambia, "Verlyn, ingia ndani ule," hakujibu, nikasogea karibu nikaona midomo imevimba, uso umejaa mabaka mekundu, na pumzi inamtoka kwa mluzi kama birika linalotaka kuchemka, kumbe nyigu amemuuma shingoni, na daktari hakunificha, aliniambia ningepitia dukani kwanza kununua mkate ningemkuta maiti, na kwamba akiumwa tena inaweza kuwa mbaya kuliko hapo. Wakampa sindano za dharura, zile ambazo mtu anajichoma mwenyewe pajani, akaambiwa asitoke nyumbani bila hizo, na unajua zinakaa wapi? Kwenye droo ya jikoni, pamoja na betri na kamba.

Nikimwambia ananijibu, "Ng'ombe wamenipiga mateke maisha yangu yote, leo nikimbie kidudu?"

Nikamwambia, "Na ukianguka kule nje, hiyo droo itakufuata?"

"Mama, wewe unanizika hata sahani sijaimaliza."

Basi huo ndio mzaha wetu wa mezani, yeye anacheka na mimi nairudisha sahani jikoni, na kazini simu ya jikoni ikilia mwiko unanitoka mkononi, nikirudi nyumbani sizimi gari kwanza, naangalia kama naiona kofia yake juu ya maua, nisipoiona nabaki nimeshika usukani, na siku moja nilikaa ndani ya gari nikishindwa kushuka kwenda kuangalia kama nina mume au sina, kumbe yuko gereji anatafuta msumari.

Ndiyo maana nilifanya nililolifanya. Mwezi wa Juni alikwenda kwa kaka yake Minnesota, mimi nikachukua makasi makubwa nikazikata asta zote, zote kabisa, zikabaki kimo cha goti, niliona zisipokuwa na maua hakutakuwa na wadudu, na aliporudi nikamwambia ni kulungu. Aliinama akashika mashina mawili matatu, nikawa naomba apige kelele, akasema tu, "Walikuwa na njaa," akaingia ndani akanawa mikono.

Lakini Bi Solveig, hazikufa. Kila shina nililokata limetoa matawi juu ya matawi, na kila tawi lina matumba hata sijui niyaiteje kwa wingi, mwaka jana yalikuwa robo ya haya, na Verlyn anatembea na kikombe chake cha kahawa akisema, "Kulungu wale wana ujuzi. Mwakani nitawaalika kwa barua." Naye anasema hivyo akiniangalia mimi, au naona hivyo kwa sababu ya dhambi yangu. Ya kwanza yameanza kufunguka, na jana niliwaona, nyuki wanene wenye manyoya na wale nyigu wa manjano pia.

Nimenunua dawa ya kuua magugu. Iko kwenye buti ya gari chini ya blanketi, na nimeshaibeba mpaka kwenye bomba la maji nikarudi nayo. Naogopa atakufa, na naogopa uso wake akiamka azikute zimekuwa nyeusi. Nifanye nini? Tafadhali ficha jina langu, maana yeye anasoma safu yako kila Alhamisi.

Ardys (nimejichagulia)


BI SOLVEIG ANAJIBU

Ardys, umebadilisha majina, vizuri. Sasa niambie, katika mji huu wetu ni wanaume wangapi wenye asta za kufika kifuani upande wa kusini wa nyumba? Ulipoitia barua hii posta ulikuwa umeshamwambia mumeo, ila ulitaka mimi ndiye nifungue mdomo. Sikukubali.

Wasomaji wengine wajue kwamba hii barua sikuiweka foleni. Mtu anayesubiri kumkuta mumewe amekufa haambiwi asubiri Alhamisi. Nilikupigia kule jikoni shuleni, nikasikia kitu cha bati kinaanguka, nikakwambia haraka ni mimi tu na Verlyn sijasikia lolote juu yake. Ulilia kidogo, nikakuacha ulie. Kisha nikakuuliza swali ambalo hukuwa umejiuliza mwaka mzima: siku ile alikuwa anafanya nini hasa?

Ukafikiri, ukasema alikuwa anang'oa nguzo ya uzio wa zamani uliopita katikati ya maua.

Basi hapo. Wale nyigu wa manjano wanachimba nyumba ardhini, na pembeni ya nguzo iliyooza ndipo wanapopenda. Mdudu aliyetua juu ya ua anakula kabla baridi haijamuua, hana habari na wewe. Aliyemuuma mumeo alikuwa anavunjiwa mlango. Ungeteketeza kila asta, nguzo zingebaki na mashimo yangebaki, na nyigu wangekuja kwenye matofaa yaliyoanguka na kwenye pipa la taka. Hiyo dawa irudishe dukani leo. Blanketi lifue.

Sisemi hofu yako ni ya bure, na yeyote atakayekwambia hivyo mfungie mlango. Ulimwona mumeo akikosa pumzi. Hatari ipo, na ni ya kweli. Ila uliipiga mahali pasipo pake, na ukaipiga kwa siri, kisha ukawasingizia kulungu wasio na kosa. Ukitaka kujua, ulikata vizuri sana. Asta ikipunguzwa mapema, kabla Julai haijaingia, hutoa matawi mengi, haianguki kwa upepo, na huchanua maradufu. Wako watunza bustani wanaofanya hivyo kwa makusudi kila mwaka.

Nilikwambia umweleze kabla usiku haujaingia, na ukimaliza unipigie. Ulinipigia, na umeniruhusu niandike.

Ulimwambia mezani, viazi na nyama ya kusaga vikiwa bado vinatoa moshi. Aliweka uma chini. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Kulungu akila shina huliacha limechanika. Zile zilikatwa sawasawa."

Ukamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Nilidhani umenichoka. Nikasema nikikaa kimya utaniambia mwenyewe umechoka nini."

Hebu fikirini watu wawili wazima, meza moja, kitanda kimoja, majira yote ya joto.

Kisha akatoka nje, na wewe ukamfuata ukidhani amekasirika. Ukamkuta amesimama kwenye majani, hatua kadhaa kabla ya maua, mikono mfukoni. Akakwambia huwa anaishia hapo. Tangu mwaka jana hajaingia katikati ya zile asta jua likiwa limewaka. Anapalilia asubuhi na mapema, baridi ikiwa bado imewalaza wadudu, na hata hivyo akisikia mvumo miguu inakataa. Na zile sindano, akizishika tu anaisikia tena ile pumzi. Hakukwambia kwa sababu ulikuwa unaogopa kiasi cha kutosha, akaona mmoja ndani ya nyumba lazima ajifanye haogopi.

Verlyn, najua unasoma, kwa hiyo zamu yako. Kujifanya huko kulimpeleka mkeo kwenye gari akakaa akishindwa kushuka. Kofia ya ushujaa ivue. Sindano hizo unatembea nazo, mbili, kwenye kipochi cha kuvaa mkandani, hata ukienda kuchukua gazeti. Usiziache kwenye gari, zinaharibika kwa joto na kwa baridi, na tarehe ya mwisho iangalie. Ukiumwa, unajichoma kwanza, halafu unapiga simu ya dharura, hata kama unajisikia nafuu. Jirani yenu afundishwe pia, Ardys akiwa kazini awepo mtu anayejua. Nguzo zilizobaki usiziguse. Ardys ameniambia mmemwita bwana wa kuondoa viota vya nyigu na ameshapata shimo moja, mwache amalize uzio wote, nawe ukae ndani akifanya kazi.

Na kwa daktari wa mzio utakwenda. Kuna matibabu ya kuuzoesha mwili sumu ya nyigu, tone baada ya tone, kwa muda mrefu, na wengi wameponea hapo. Mkeo ameniambia umeshapangiwa siku, na umeshaulizia kama inaweza kusogezwa mpaka sakitu ianguke ili usikose maua. Haiwezi. Daktari ndiye atakayekwambia lini uingie katikati ya maua, si mimi na si wewe.

Ardys, nakurudia wewe. Hofu haitaisha kwa sababu mmezungumza. Wiki ijayo simu ya jikoni italia na mwiko utakutoka tena. Utauokota, utapokea simu, utarudi kwenye sufuria. Lakini usimwache asimame peke yake pale kwenye majani, maana yeye alipokuwa anaishia pale, wewe ulikuwa unaishia kwenye kiti cha gari, na kila mmoja akidhani mwenzake yuko salama rohoni.

Jumamosi vaeni viatu vya kufunika vidole na mikono mirefu, acheni soda ndani maana utamu huwaita nyigu, mhakikishe kipochi kiko mkandani, mtoke. Simameni pale pale Verlyn anapoishia, si hatua moja mbele. Angalieni hizo zambarau na hao nyuki wanene wanavyohangaika. Mkishindwa, rudini ndani mnywe kahawa, Jumapili mjaribu tena.