Chupa Nyekundu ya Mzee Peniel Msengi wa Shelui

Baba, mwaka umetimia leo tangu ulipotuacha, na chupa yako bado ipo dirishani.

Miaka thelathini na miwili ulipepeta mchanga wa Shelui ukitafuta dhahabu. Ulizungusha karai polepole, kisha ukatuita wote tuje kuona, hata kama kilichobaki ni kama punje moja ya ulezi. Jirani akikwama ulimwachia karai lako siku nzima, ukashinda nyumbani ukimsumbua Mama.

Koo lilipoanza kukataa ugali na madaktari wakasema ni saratani, binti yako Eliana alikuja kutoka chuoni na kichupa cha maji mekundu. Akasema humo mna dhahabu ya chembe ndogo mno, chembe nano. Zikiingizwa mwilini hukusanyika kwenye uvimbe, zikaonekana kwenye picha ya hospitali, kisha zikimulikwa kwa leza hupata moto na kuuchoma. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mwanangu, wamekupiga. Hii ni juisi ya rozela."

Kesho yake tulikukuta mlangoni umeiinua chupa kwenye jua. Maswali yakaanza. Mbona haing'ai? Hizo chembe zinaijuaje njia ya kwenda kwenye uvimbe? Mama akakutania: "Baba Gasto, ukiwekewa hiyo, wachimbaji watakufuata mpaka kitandani."

Siku moja ukauliza, "Na mimi je?" Eliana akasema bado wanajaribu kwa panya, hawezi kukudanganya. Yeye ndiye aliyelia. Ukamshika mkono, ukauliza jingine: "Zikishachoma, marudio yanakwenda wapi?" Marudio ndiyo mchanga uliokwisha kuoshwa, na wewe ulijua kwamba bado una dhahabu ndani yake. Inatuuma kwamba uliondoka bila kupata jibu.

Sasa Eliana amepata kipande cha jibu hilo, Baba, na ameomba tukuandikie. Kwa panya wao, chembe nyingi hubaki kwenye ini miezi na miezi. Namna ya kuzitoa salama hawajaijua. Ndiyo kazi aliyoichagua, na swali lako ameliandika mwanzo wa daftari lake kama ulivyolisema.

Unakumbukwa na mkeo Rahel, ambaye kila asubuhi huinua chupa na kutuuliza kama haijapungua. Wanao Gasto, Eliana na Nathan. Na mdogo wako Urbano, mwenye karai lako sasa.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe. Na huko uliko, ukilipata jibu kabla ya Eliana, mnong'oneze, Baba. Kuna wagonjwa wanasubiri.