Mbao za Kufunika Shimo

Jumatatu, 7 Aprili

Mgongo! Leo nimebeba maji tangu asubuhi, kutoka shimoni hadi kwenye mikisa, ile mashine ya kukoroga zege, ndoo mkono huu na ndoo mkono huu. Hapa Njiru kote ni matope. Lori la maji lilikuja likatujazia shimo letu. Tulilichimba wenyewe, linanifika kiunoni, tukalitandika karatasi ya nailoni ili udongo usinywe maji. Kila mjengo hapa, kila nyumba inayojengwa, una shimo kama hilo. Hakuna anayeliona kuwa ni shimo. Ni ndoo kubwa tu.

Mtoto wa Halimo amekuja tena kucheza kwenye mchanga. Halimo ndiye anayetuuzia chai na anjera, zile chapati laini za Kisomali, hapo langoni. Mtoto anaitwa Nuh, hajafika miaka miwili, anatembea kama mlevi. Kila nikimrudisha kwa mama yake, nikigeuka yuko mchangani. Munyoki, foromani wetu, akaniuliza kama nimeandikwa kubeba maji au kulea. Wenzangu wakacheka. Tangu saa ile jina langu ni Yaya.

Sawa. Niite Yaya. Nina Marion wangu nyumbani Mumias, rika moja na huyu. Krismasi nilimwacha anatambaa. Sasa mama yake anasema anafukuza kuku.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imetuzuia. Nikapata wazo. Sisi tulipoanza kutembea utotoni, mama alikuwa akitufunga vizibo vya soda mguuni, ili akiwa anapalilia asikie tumeelekea wapi. Nikaokota vizibo chini ya meza ya Halimo, nikavigonga bapa, nikavitoboa kwa msumari.

Halimo alivitazama kama nyoka. "Kaka, sisi hatufungi watoto hirizi."

"Si hirizi, Mama Nuh. Ni kelele tu."

Akafikiri. "Na akitia kimoja mdomoni kimsonge?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nikarudi nikavishona nyuma ya kiatu chake cha plastiki kwa uzi wa gunia, nikakaza kwa meno. Halimo akaazima koleo, akajaribu kukinyofoa kimoja. Hakikutoka. Ndipo akamvalisha.

Cha-cha-cha mpaka jioni. Laban, tunayebeba naye, amesema sasa tuna mbuzi saiti.

Alhamisi, 10 Aprili

Perez amepita. Ni mama wa afya wa mtaa huu, yule wa fulana ya buluu na begi la mgongoni. Alikuja kuwafundisha akina mama pale kwa Halimo: mtoto akiungua (maji baridi yanayotiririka, si dawa ya meno, si unga), mtoto akisongwa, mtoto akizama. Alikuwa na mtoto wa kitambaa wa kuonyeshea. Anamlaza chali, anamwinua kidevu, anampulizia pumzi kwa mdomo. Usimning'inize kwa miguu, alisema, utapoteza muda na hewa ndiyo anayoitaka.

Sisi tulikuwa tunakunywa chai. Laban akaniambia, "Shiundu, kambusu huyo, angalau yeye hatakukimbia." Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Akitoka, Perez akaona shimo letu. Na hili je? akauliza. Munyoki akamwambia hilo ni la kazi, madam. Perez akamjibu kwamba maji hayajui la kazi ni lipi, na mtoto hazami kwa kelele, huzama kimya. Munyoki akaahidi kulifunika kesho.

Kesho ya mjengo haina tarehe.

Jumamosi, 12 Aprili

Yuko hai. Naandika hilo kwanza.

Mikisa ilinguruma tangu asubuhi. Kwa mngurumo ule hata mtu akikupigia ukelele sikioni humsikii. Vizibo ningevisikia wapi! Nilienda na ndoo zangu kama siku zote, nikainama kuchota, nikaona kiatu kinaelea. Nikadhani amekitupa, watoto hutupa vitu. Kisha nikaona shati.

Niliruka. Maji ya kiunoni tu! Lakini ile karatasi inateleza, hata mimi nilianguka, nikajiinua. Atajishikilia wapi mtoto? Nikamtoa. Rangi si yake. Hapumui.

Watu wakajaa. Laban anapiga kelele, mpindue, mshike miguu maji yatoke! Na mikono yangu ilikuwa imeshashika miguu. Kwetu mtoni nimeona ikifanywa hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kumwinua.

"Weka chini!" Halimo. Sijui alifikaje. Alinipiga kofi mkononi. "Chini, walahi, weka chini!"

Akamlaza kwenye plaiwudi. Akainua kidevu. Akafunika mdomo na pua kwa mdomo wake, akapuliza, kifua kikapanda. Tena. Tena. Kisha kiganja kimoja katikati ya kifua, anabonyeza, anahesabu kwa Kisomali kwa sauti kavu, kama anayehesabu anjera. Kisha pumzi tena. Hakutoa chozi. Sisi wanaume na misuli yetu tulisimama kama nguzo. Munyoki alikimbia akazima mikisa, na kimya kikawa kibaya zaidi.

Maji yakamtoka mtoto puani. Kikohozi. Halimo akamgeuza ubavu. Mtoto akalia — kilio chembamba kibovu, cha paka. Ndipo mama yake naye akalia.

Wengine wakasema ameshapona, apewe maziwa apate joto. Perez, tuliyempigia simu, akasema hapana, mvueni nguo za maji, mfunikeni, hospitali sasa hivi, mtoto aliyezama anaweza kuzidiwa baadaye hata kama analia vizuri. Jirani akawachukua kwa gari lake. Amelazwa, aangaliwe.

Mikono yangu bado inaikumbuka ile miguu. Baridi. Miguu ya Marion sasa itakuwa na uzito huo huo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nuh ametoka hospitali. Halimo amerudi leo leo na meza yake. Nilimwambia angepumzika. Akaniuliza kama nitamlisha mimi. Mtoto amemfunga kwa leso kiunoni mwake, anavuta kama ndama.

Aliniwekea chai. "Ulimtoa majini," akasema, "halafu ukataka kunimalizia kwa kumning'iniza miguu."

"Ulinipiga, Mama Nuh."

"Nitakupiga tena."

Hiyo ndiyo asante yangu, na inanitosha.

Munyoki mwenyewe ameshika misumari. Tumefunika shimo lote kwa mbao za slabu, zile za kushikilia zege likimwagwa, tukaacha mlango mdogo wa ndoo na jiwe juu yake. Jiwe hilo mtoto hawezi kulisukuma, mimi mwenyewe naguna nikiliinua. Kazi imekuwa nzito zaidi. Sijalalamika. Leo nimelala — hapana, nitalala — bila kusikia mikisa kichwani.

Jumatano, 16 Aprili

Slabu ni kesho. Mwenye ploti amepiga simu siku nzima: imwagwe kabla ya Pasaka, kila mtu aende kwao, ikauke. Mbao hazitoshi. Nilimwona Munyoki akizitazama za shimoni na nikajua.

Kesho asubuhi zing'olewe, amesema.

Nikamuuliza, na shimo? Litajazwa leo, akasema, maana mlinzi atamwagia slabu maji sikukuu yote isipasuke. Mlinzi mwenyewe hukaa upande wa barabara. Shule zimefungwa. Saiti tupu, mchanga upo, mabati ya ua yameachana. Watoto wa mtaa mzima watakuwa hapa.

"Shiundu, watoto wana mama zao."

Mama Nuh naye alikuwepo Jumamosi, nikamkumbusha. Akakaa chini kwenye mfuko wa simiti. Si mtu mbaya. Ana pacha kwao Mwingi, amezungumza habari zao mpaka nikachoka. Lakini mbao si zake, na tajiri, huyo mwenye ploti, hanunui hata moja zaidi. "Ama utoe kitanda chako," akasema. Nalala juu ya makaratasi ya simiti, anajua.

Nikasema basi shimo lisijazwe, mlinzi achote kwenye pipa. Pipa linavuja, akasema. Nikasema tungoje mpaka baada ya Pasaka. Akacheka, akaondoka. Perez amempigia tajiri. Hashiki simu.

Begi langu tayari. Gauni la Marion nililipata soko la Muthurwa, la manjano, limekunjwa juu kabisa lisiumie. Pesa hutolewa slabu ikishamwagwa, na basi la Mumias ni jioni. Anayeleta maneno siku ya slabu haitwi tena kazini. Hilo halijaandikwa popote, lakini kila mtu analijua.

Nimechoka. Nataka kwenda nyumbani. Sitaki kuwa Yaya wa mtu.

Alhamisi, 17 Aprili

Asubuhi. Naandika juu ya goti. Nimekaa juu ya mbao, zile zile. Chini yangu maji yamejaa, nayasikia yakigonga nailoni.

Sikupanga. Nilikuja kuondoa jiwe nichote ndoo ya kwanza, nikakaa, nikashindwa kuinuka.

Laban amekuja kuninong'oneza. "Buda, usijiharibie. Ukishaona mtoto wako utasahau shimo." Nikamwambia nikishamwona mtoto wangu ndipo litanirudia. Akakuna kichwa, akaenda kuwasha mikisa. Haijawaka bado. Wote wanatazama huku, hakuna anayecheka.

Begi liko kando yangu. Gauni limechungulia kwenye zipu.

Halimo ameleta chai bila kuitwa, ameiweka hapa juu ya ubao. Amerudi kwenye meza yake. Leso ya Nuh sasa imefungwa mguu wa meza, na naona fundo limelegea.

Munyoki anakuja na nyundo ya kung'olea misumari. Amesimama mbele yangu. Macho mekundu, naye hakulala.

"Shiundu. Inuka."

Nyuma yangu, cha-cha-cha ya vizibo. Inakaribia.

Sijainuka. Nimemwambia angoje kwanza, nimalize kuandika.