Bosi Kafagia Mashine Yake

Shosti, acha unachofanya. Nacheka peke yangu hapa.

Ile seva inayosimamia mashine pepe zote za ofisi, zile kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine, ilikufa asubuhi. Nikairudisha kwa bakapu, nakala ya akiba, ya wiki iliyopita, ikaamka vizuri. Nikajipongeza, mjinga mimi.

Bosi, yule anayepanga kalamu mezani kama gwaride, akaja kuchungulia skrini yangu. Akaona mashine moja imeandikwa "haitambuliki".

"Takataka hiyo. Futa."

Nikamwambia, bosi, hiyo imetengenezwa juzi, na seva imerudi na kumbukumbu za wiki iliyopita, itaijuaje? Akasema, "Mimi sipendi uchafu." AKABOFYA MWENYEWE. Eti hapendi uchafu!

Unajua ilikuwa mashine ya nani? Yake! Ile aliyonikaba koo juzi nimtengenezee, aweke ripoti yake ya bodi. Na bodi inakaa leo mchana.

Nilipomwambia, jasho likamtoka. Halafu, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Mdogo wangu, kama bakapu ya wiki iliyopita haina ripoti yangu, hatuna ya zamani zaidi?"

Ya ZAMANI ZAIDI, shosti.