Chuma Yenye Ilikuwa Chini ya Kitanda

Uvira, Kalundu

Yaya Feza mupendwa,

Nakusalimia weye na wote wenye wako mu nyumba, wenye barua hii itawakuta wameamuka na wenye itawakuta wamelala. Mugongo wako unaendelea namna gani? Ile dawa ya kuchua nilituma na watu wa boti, ilikufikia, ao walijichua nayo njiani? Na shemeji, kikohozi kimemuachia? Minye huku mwili iko muzima, namushukuru Mungu. Chenye kinaugua ni uso tu. Sijue niuweke wapi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu iko. Yaya, nakujua. Simu ikilia unaiweka sauti kubwa, na mama wote wenye wanakuja kuteka maji pa kwako wanasimama na ndoo zao kusikiliza habari za Kabwe wa Uvira. Jambo hili si la watu wa ndoo. Ulisome peke yako, ucheke kama lazima ucheke, halafu ulipeleke kwa baba mudogo Kisimba. Yeye asicheke, maana namutegemea.

Nianze na habari nzuri. Furaha amezaa. Ni mutoto mwanamuke, yeye na mama yake wako salama, na jina lake ni Feza. Ndiyo, ni lako. Ningependa kuishia hapa nikuage, lakini hapana.

Unakumbuka ile moto yangu, pikipiki nilikutumia picha yake, nyekundu, nimesimama kando yake na miwani? Ni moto ya Chine, ya bei ndogo, ilifika ndani ya sanduku ya karto na fundi akaifunga mbele yangu. Kila asubuhi inanitoa Kalundu kunipeleka Makobola kufundisha, na magaribi inanirudisha. Siisemi vibaya, imenibeba. Lakini inatetemeka kwa ile barabara ya mawe mpaka inajifungua yenyewe: leo imeacha bulo moja ya kukaza gurudumu kwa njia, kesho imeacha kioo. Siku fundi ananipa ufunguo aliniambia, "Mwalimu, ukaze sheni, ule munyororo wa gurudumu, kila juma, uangalie mafuta kila juma. Moto ya namna hii haipendi muntu wa kesho." Na minye, Yaya, unanijua tangu utoto. Minye ni muntu wa kesho.

Nyuma ya kiti kulikuwa chuma, ile yenye muntu wa nyuma anashikilia. Ilivunjika siku nilibeba mufuko wa unga wa mihogo kutoka Makobola. Mwenye kuchomelea vyuma anafanyia kazi ngambo ya barabara, mbele ya mulango wetu kabisa, moshi yake inaingia kwetu. Nikasema nitaipeleka kesho, nikaisukumia chini ya kitanda. Furaha akifagia, ufagio unaigonga, anasema, "Kabwe, chuma yako inanisalimia." Nacheka, naenda kazini. Alisema vile mpaka tumbo ikamuzuia kuinama, akaacha kufagia chini ya kitanda, na minye nikafikiri ile neno imekwisha.

Sasa kwa mama mukwe. Kwetu pia tuko na heshima ya mukwe, lakini ya huku inapita yetu mbali. Tangu nimuoe Furaha, mama yake hajanipa mukono, sijamuona akikula, hajaniona nikikula. Anauza ndagala, zile samaki ndogo, pa soko ya Makobola. Nikitoka masomo na nikimuona kwa mbali, nazima moto, nashuka, naisukuma kwa mikono mpaka nimemupita, maana kumupulizia vumbi na moshi ni sawa na kumutukana. Yeye anageukia ziwa. Akiwa na neno la kuniambia, analiambia ziwa, minye nasikia, kisha nalijibu nikiangalia chini. Tumekaa hivyo vizuri kabisa, bila ugomvi wowote. Ni mama wa heshima, na ananipenda, nilikuwa najua.

Siku ya uchungu wa Furaha, essence ya kutia mu tanki ilikuwa imepotea mu Uvira. Motari wote, wale wa kubeba watu kwa moto, walisimama, wamelaza moto zao kwa kivuli. Minye nilikuwa na kidogo ndani ya tanki, nikaenda kufundisha. Nikiwa mbele ya tablo, chaki mukononi, jirani akapiga simu kwamba wamemupeleka Furaha hospitali na kwamba anamuita mama yake. Mutoto wa kwanza, Yaya. Hakuna muke huku anazaa wa kwanza bila mama yake kusimama pale. Nikatoka mbio, na pa barabara nikamukuta mama mukwe, habari imekwisha kumufikia. Alikuwa na kifurushi cha nguo za mutoto na mufuko wa unga, anaangalia upande wa Uvira, na barabara yote nyeupe, hakuna gari, hakuna motari. Moto ilikuwa moja tu, na ilikuwa yangu.

Nikasimama mbali kidogo. Aliangalia barabara tena, kisha moto yangu. Mwishowe akaambia ziwa, "Huyu muntu wa moto, chuma ya kushikilia iko wapi?"

Nilitazama viatu vyangu. Ningesema nini? Kwamba iko chini ya kitanda cha binti yake? Nikasema tu kwamba ilivunjika.

Akafikiri. Halafu akachukua kile kifurushi na ule mufuko wa unga, akaviweka katikati ya kiti, kama ukuta, akapanda nyuma yake, miguu upande mumoja, akakumbatia mufuko. Hakunigusa hata na nguo. Nilikwenda polepole, jasho inanitoka hata kwa upepo, naomba Mungu atufikishe tu.

Kuko mahali mawe yameshuka kutoka mulima, barabara imebaki nyembamba, huku mulima, kule ziwa. Tangu mwanzo wa juma nilikuwa nasikia sheni inapigapiga. Pale, kwa kupanda, ikaruka. Gurudumu ya nyuma ikakamata, moto ikainamia upande. Na hapo, Yaya, nilisikia mukono wake. Ulifika kwa shati yangu, hapa chini ya bega, vidole vikaishika. Kama angekaza, nafikiri angebaki juu, maana minye nilibaki juu. Lakini akakumbuka ni nani amemushika. Nikasikia vile vidole vinakumbuka, vikafunguka, na mugongo wangu ukabaki na upepo.

Alianguka juu ya mawe na mukono wa kuume. Hakulia. Kitu cha kwanza alifanya ni kuvuta kitenge kwa mukono muzima kufunika miguu, kisha akageuza uso kwa ziwa. Minye nilikuwa nimesimama juu yake na mikono yangu yote miwili mizima, na sikuweza kumuinua. Nilishindwa na adabu yangu mwenyewe. Unga ulikuwa umemwagika juu yetu wote wawili.

Mama fulani wenye walikuwa wanalima mihogo kule juu wakashuka. Wakauliza nani amebeba huyu mama namna hii. Nilipojibu kwamba ni mukwe wake, wakafunika midomo. Mumoja aliniangalia toka kichwa mpaka viatu, akaniuliza kama kwetu hatukufundishwa. Wakamufunga mukono na mijiti na kipande cha kitenge, na minye nikapiga magoti kurudisha sheni, sioni hata meno ya gurudumu. Nyuma yangu nikasikia anaambia ziwa, "Mutoto wangu anazaa." Hilo tu. Hakusema mukono unamuuma.

Ndipo mumoja wa wale mama, mwenye nguvu, akaweka jembe lake chini, akapanda katikati. Akasema, "Musogee, tuende. Minye si mukwe wa muntu hapa." Akanishika kiuno bila kuomba ruhusa, mama mukwe akamushika yeye, na tukaingia Uvira watu watatu, weupe kwa unga. Jina lake sijalijua mpaka leo.

Tulichelewa. Furaha alizaa wakati mama yake anafungwa plasta chumba cha pili. Walikuwa wanasikilizana kwa ukuta. Mama mukwe alimupokea mujukuu wake wa kwanza kwa mukono mumoja, muuguzi anamushikia upande wa kichwa, na minye niliona hayo kwa mulango nikaenda kukaa inje kando ya moto. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nilitoa chuma chini ya kitanda. Mwenye kuchomelea alimaliza kazi kabla chai yangu haijapoa. Hiyo iliniumiza kupita matusi. Nilimuambia aongeze zingine mbili, kila upande, na moja nyuma ya mugongo, hata sasa motari wananiuliza kama nimeanza kusafirisha vitanda. Sheni naikaza kila asubuhi. Imekuwa kama sala. Lakini nani atanisifu kwa kufunga zizi wakati ngombe imekwisha kutoka?

Mama mukwe yuko hapa kwetu mpaka mufupa ushike. Nyumba unaijua kwa picha, chumba na saloni ya kupokea wageni, tumegawa na pazia. Minye nakula chakula inje. Wageni wanakuja kuona mutoto, wanaona plasta, wanaona minye, wanashusha sauti. Wajomba wa Furaha walituma neno, bila hasira. Walisema hakuna kesi, muntu anaweza kuanguka, lakini haya imemwagika, na mwenye kumwaga hawezi kuizoa peke yake. Lazima watu wangu waje, wakae na wao, na mbuzi na kitenge. Bila hivyo mama mukwe hataweza kurudi kuuza pa soko na uso wake, watu watakuwa wanamuita mama wa kuangushwa na mukwe. Kosa ni langu, na jina chafu linamuendea yeye. Hicho njo kinaniamusha usiku.

Kuko na neno lingine, na kwa hili ukiwa umekaa na muntu, umufukuze.

Juma lililopita alipaswa kurudi hospitali kuangaliwa plasta. Furaha alitaka tumuitie motari. Tukasikia sauti nyuma ya pazia inauambia ukuta kwamba motari wanakimbia mno, na kwamba moto ya nyumba iko na chuma sasa. Nilifikiri sikusikia vizuri. Akatoka, ameelekea ukuta. Furaha akaweka muto wa kulalia katikati, mama mukwe akapanda, mukono wa kushoto ukakamata chuma. Ule wa plasta ukakosa mahali. Tulipofika kwa yale mashimo karibu na daraja, moto ikaruka kidogo, na plasta ikaja ikalala juu ya bega yangu. Nilingoja aitoe. Hakuitoa. Mpaka hospitali haikutoka, na kwa kurudi aliiweka tena kabla hata ya mashimo.

Yaya, mama alituacha nikiwa bado wa kubebwa. Mikono yenye naijua ni yako, na yako ilikuwa ya kuchapa pia. Hakuna muntu wa umri wa mama mwenye aliwahi kuniwekea mukono kwa bega. Na pale barabarani, na ule mukono wenye minye mwenyewe nilivunja, badala ya kusikia haya peke yake, nilisikia vizuri. Sheni ilikuwa imekazwa, moto inakwenda sawa, hakuna sababu yoyote, na nikapunguza mwendo. Nilipunguza tu ili tukawie kufika. Hii njo aibu yenye sikuweza kumuambia Furaha, wala muchungaji, wala muntu yeyote wa huku. Muntu amevunja mukono wa mama wa wenyewe, halafu anafurahia uzito wake.

Kwa hiyo nakuomba, umushike baba mudogo Kisimba umupandishe boti. Weye uje pia, uone mwenye jina lako. Ana paji la uso kama lako, pole kwake.

Unisalimie shemeji na wale watoto wako wanne, na mukubwa umuambie kalamu zake zinakuja. Umusalimie shangazi wa Moba kama bado yuko kwenu, bila kumusomea barua. Umusalimie mwalimu wangu wa zamani wa darasa ya sita, na akiuliza habari zangu, umuambie nafundisha. Hata mama wa ndoo, uwasalimie. Furaha anakusalimia kwa mikono miwili.

Na umuulizie baba mudogo: mbuzi ni moja ao mbili? Ile ya kuanguka naijua, wajomba wameiomba. Lakini kuko na ya bega. Hiyo hakuna muntu ameniomba, na mama mukwe mwenyewe hataisema kamwe, hata kwa ziwa. Aniambie namna inalipwa, nitailipa.

Mudogo wako mwenye kuficha uso,

Kabwe