Mashavu ya Shaba kwa Kisu cha Dada Dafrosa

Jumatatu, 3 Juni
Nimekata tena kufuli bovu kwa msumeno. Vipande viwili vya shaba, kila kimoja nusu ya kiberiti. Karakanani kwa Skolastika, anakonifundisha ufundi hapa Mbinga mjini, tunaviita mashavu. Vinabana shingo ya kisu pande mbili, pale mpini unapoanzia, ili mpini usicheze na damu ya samaki isipenye. Bapa nimeshamaliza, la springi ya lori. Linanyoa. Mkono wangu wa kushoto una upara.

Kisu changu cha kwanza. Lakini mtu aliyefika Lilongwe, Beira na Durban, ashindwe na kufuli?

Jumanne, 4 Juni
Dada Dafrosa kapiga simu kutoka Mbamba Bay. Kisu chake kimelegea mpini, kimegeuka akipasua mbasa, kimemkata kiganja palepale pa siku zote. Kazi yake ndiyo hiyo, kupasua samaki. Nimemwambia Jumamosi naleta kisu kisichocheza. Nikamwambia awatangazie na wenzake ufukweni.

Mdomo huu.

Jumatano, 5 Juni
Tumetoboa mashavu yakiwa yamebanwa pamoja, matundu yaonane. Skolastika ni sawa na mwanangu. Asubuhi ananiamkia shikamoo, saa nne ananiuliza nani alinidanganya kuwa nina macho.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu.

Skolastika alikwenda msibani Mapera. Akasema nimsubiri. Sikusubiri. Nikapitisha pini, nikagonga, mashavu yakashika. Nikajisifu peke yangu. Halafu nikaona kingo za mbele, zinazotazama bapa, bado zina meno ya msumeno. Nikaingiza tupa. Ikateleza. Michirizi mitatu juu ya bapa langu.

Amerudi jioni, akakigeuzageuza.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.”

“Bwana harusi hunyolewa nyumbani. Wewe umemnyolea altareni.”

Kwa kawaida mzaha ni wangu. Leo sikuwa nao. Imebaki siku moja, na dada anafanya kazi na kitambaa kiganjani.

Ijumaa, 7 Juni
Binti huyu ni fundi. Naandika nisije nikakana.

Katoboa pini zangu zote, kang’oa mashavu, hakuligusa bapa hata kidogo. Mimi nimesugua michirizi kwa msasa mpaka saa sita. Tukakata mashavu mapya. Safari hii kingo za mbele kwanza: tupa, msasa, msasa laini, mpaka shaba ikanionyesha meno yangu. Ndipo tukafunga.

Midomo ya matundu aliipanua kidogo. Pini ya kwanza kagonga yeye, kwa kugonga kidogo kidogo kuizunguka, kama anayeamsha mtoto. Ikavimba, ikajaza tundu. Akapitisha tupa na msasa. Pini ikapotea. Nimeitafuta kwa kidole, sikuipata. Durban nimeona meli zikiungwa. Sikuona kitu kama hiki.

Tatu zilizobaki nimegonga mimi. Moja inaonekana kidogo. Tukafunga na mpini.

Kakiinua mlangoni, akafumba jicho moja. Hakuna mwanga unaopita.

“Mpelekee shangazi.”

Jumamosi, 8 Juni
Mbamba Bay. Nimekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, namtazama dada. Kapasua mbasa ndoo mbili. Kisu hakikugeuka. Hata mara moja hakusimama kukigonga mpini jiweni.

Saa sita wenzake wakaja kukishika. Wakauliza nani katengeneza. Nikasema Skolastika, fundi wa Mbinga, mimi nilisaidia.

Dada akaniwekea mkono kwenye paji la uso, kupima kama nina homa. Kiganja kinanuka samaki. Hakina damu mpya.