Pindo la Sketi Yako

Mwanangu,

Nimepeleka nguo za wateja. Chai iko kwenye chupa. Maharage yako jikoni, usiyaunguze kama juzi.

Asubuhi uliniuliza, "Baba, kwa alama zangu hizi za wastani, chuo cha uuguzi watanichukua kweli?" Nikatia pini mdomoni makusudi, maana fundi mwenye pini mdomoni haulizwi kitu. Ukaenda shule umenuna. Haya, jibu langu hili:

~~Chagua chuo chepesi, usije ukaumia.~~

Hapana, nimekata hiyo. Nimepiga pasi sketi yako ile nyingine ya shule nikaona mistari ya mapindo ya zamani. Ulipoanza sekondari ulikuwa mfupi kuliko wenzako wote. Nilikuachia pindo pana, mama yako akacheka: "Huyu atalimaliza lini?" Kila mwaka nikalishusha kidogo. Leo limekwisha kabisa, na wala sikumbuki ulirefuka saa ngapi.

Kama watakuchukua, sijui. Ila kwenye fomu, uuguzi uandike wa kwanza.

Gauni lako jeupe la uuguzi nimeshalikata, liko chini ya cherehani. Nimeliachia pindo pana.

Baba yako, fundi